Upande Wenu wa Mlima

9 Januari

Kwa Mkunga wa hospitali iliyo chini ya msitu,

Salamu sana. Hunijui, ingawa huenda umewahi kusikia nikitajwa, tena si kwa wema. Mimi ni mwashi, upande huu wa mlima ambao mvua imeusahau. Baba yangu naye ni mwashi. Mama yangu aliondoka hapa nikiwa na miaka mitano. Alipanda hadi pengoni, juu kati ya vilele viwili, na mtoto mchanga mgongoni, akateremkia upande wenu, na huo ukawa mwisho.

Juzi dereva wa lori la saruji alikuwa akishusha mzigo kwenye nyumba ninayoijenga. Akaniangalia usoni, akacheka. Akasema hospitali yenu ina mkunga mwenye nyusi kama zangu, zimeungana katikati kama zimepigwa plasta na fundi mwenye haraka, na kwamba mama wa mkunga huyo alitokea huku kwetu. Nikaacha mwiko ndani ya ndoo, nikakaa juu ya mfuko.

Kama nimekosea, itupe barua hii. Kama sijakosea, yule mtoto wa mgongoni ni wewe.

Sitajifanya nimekutafuta kwa upendo mtupu. Mke wangu ana mimba, atajifungua mwezi wa nne. Mimba ya kwanza ilitutoka ndani ya lori, tukiuzunguka mlima kuja huko huko kwenu. Unaujua mlima wetu, umesimama peke yake kwenye tambarare kama mgeni aliyekosa mwenyeji, na barabara haina ujanja ila kuuzunguka wote. Kwa lori ni siku mbili. Kunguru akiruka kutoka kwetu asubuhi, mchana anakula kwenu.

Hapa tuna zahanati yenye kitanda kimoja na muuguzi mwenye moyo mzuri. Moyo mzuri hautoshi. Nataka mtu wa kumuuliza, hata kwa barua tu.

Mimi,
Mwashi

*

20 Januari

Ndugu Mwashi,

Nyusi ni zangu. Mengine uliyoyasema pia ni kweli.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikamaliza zamu, halafu nikaisoma tena. Sijui nikuite nani. Nyumbani kwetu upande wenu hautajwi. Nikiwa mdogo niliuliza mara moja baba yuko wapi, Mama akanionyesha mlima kwa kidevu, akasema, "Nyuma ya hapo, na hajawahi kunifuata." Tukaendelea kumenya viazi.

Kwa hiyo Mama hajui kuhusu barua hii, na kwa sasa hatajua. Tuzungumze habari za mkeo.

Nijibu haya. Ana umri gani? Mimba iliyotoka ilikuwa ya miezi mingapi? Anavimba miguu, na je, uvimbe unaisha akiamka asubuhi? Uso je? Anaumwa kichwa? Presha yake imepimwa lini? Usinijibu "yuko salama tu." Wanaume wote huandika hivyo.

Mkunga

*

2 Februari

Mdogo wangu,

Wewe hujui uniite nani, lakini mimi ni mkubwa na nimeshajua.

Majibu yako kwenye karatasi ya pili, ameyaandika muuguzi wa zahanati mwenyewe ili usiseme ni maneno ya mwanaume. Miguu inavimba jioni, asubuhi inarudi. Mke wangu amenituma nikwambie kwamba hana kichwa kinachouma ila mimi.

Huyo wifi yako ni mshonaji. Anashona huku akizungumza, na ukimwona amenyamaza ujue pini ziko mdomoni. Amefurahi kupata wifi kuliko nilivyofurahi mimi kupata dada. Anauliza kama kwenu kilele kinaonekana vizuri. Kwetu ni jino, jembamba, jeusi, limechongoka kama jino la mbwa. Hakuna mlima mwingine hata uangalie wapi, kwa hiyo watoto wa huku wakiambiwa wachore mlima wowote wa dunia wanachora jino hilo. Mawingu yanatoka upande wenu, yanafika pale juu, yanatuchungulia kama mtu aliyekosea mlango, yanarudi.

Baba sijamwambia. Yeye haongei sana. Anapanga mawe, anakunywa chai, analala. Ukimtajia mlima anatoka nje kwenda kutafuta nyundo ambayo ameishika mkononi.

Nimewaza jambo. Mama alipita pengoni kwa miguu. Njia ile ilikufa baada ya udongo kuporomoka mwaka uliofuata, lakini mlima haukuhama. Nitapanda nikaone.

Kaka yako

*

14 Februari

Kaka,

Nimeliandika neno hilo na kalamu haikuvunjika.

Usipande. Uache mlima, mlete mkeo kwa lori sasa hivi, kabla mvua kubwa hazijaujaza mto na kukata barabara kule kwenye tambarare. Vipimo alivyoandika muuguzi wenu si vibaya, lakini sivipendi. Presha inapanda polepole, na mtu aliyewahi kupoteza mimba hatakiwi kungoja. Kuna nyumba ya kina mama wanaosubiri kujifungua, nyuma ya wodi yetu. Nimeshaomba kitanda, cha dirishani.

Mwambie wifi kwamba kwetu kilele si jino hata kidogo. Ni bega. Bega la mtu mnene aliyejifunika shuka jeupe, maana wingu haliondoki. Mwaka mzima tunakiona vizuri siku chache tu, na siku hizo watu husimama mlangoni na vikombe vyao wakiangalia. Mito inashuka kila mahali, viatu havikauki. Nimeishi hapa maisha yangu yote nikidhani mlima wote uko hivi. Sikuwahi kufikiri kwamba una mgongo mkavu, na kwamba nina kaka huko mgongoni.

Mlete.

Dada yako

*

25 Februari

Mdogo wangu,

Nianze na baya. Amekataa lori. Nimebembeleza, mama yake amebembeleza, muuguzi ametishia. Anasema, "Ndani ya lile lori niliacha mtoto. Nibebeni hata kwenye tenga, lakini lile lori sipandi." Hakulia. Alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja ndipo akasema. Nimeshindwa kumlazimisha.

Basi nilipanda. Nisamehe.

Nilitoka alfajiri. Mwanzoni ni miiba na changarawe, njia ya mbuzi, hakuna cha ajabu. Juu zaidi, mahali ambapo miteremko ya jino inaanza kusimama wima, nilitegemea kutambaa. Nikakuta ngazi.

Ngazi za mawe. Zimepangwa bila saruji, kila jiwe limekaa juu ya mwenzake kama limezaliwa hapo. Zinapinda kuufuata mwamba, zinapumzika penye kivuli, zinapanda tena. Kila mwashi ana mkono wake, kama mwandiko. Baba hupenda kuweka jiwe dogo la kabari upande wa kushoto, kwa sababu yeye hutumia mkono wa kushoto. Nilikaa kwenye ngazi nikalipapasa jiwe la kabari. Kulikuwa na mengine chini yake, na mengine juu. Miaka yote ile alipokuwa akituambia anakwenda machimboni, alikuwa huku.

Ngazi zinafika hadi pengoni, kati ya kilele kikubwa na kile kidogo, na pale zinakoma. Upande wenu hakuna hata moja.

Nilisimama pengoni. Upepo wenu una maji ndani yake. Wingu lilipasuka kidogo nikaona msitu, na chini kabisa bati jekundu refu, na mashuka yameanikwa. Nikajua ni wewe. Nilipiga kelele, nikajisikia mjinga. Chini ya miguu yangu palikuwa na jabali tupu, laini, limelowa, pale udongo ulipobomoka. Kwa hapo mtu hateremki, labda akiwa hataki kufika.

Je, huko kwenu yupo anayejua njia nyingine ya kufika pengoni?

Kaka yako

*

8 Machi

Kaka,

Niliuliza walinzi wa msitu. Wote wanajua njia hadi kwenye mianzi, zaidi ya hapo wanasema ni ukungu na hadithi. Kumbe anayejua yuko nyumbani kwangu, jikoni.

Nilimwambia Mama. Nilimsomea barua zako zote, nikianza na ya nyusi. Alikuwa akichambua maharage. Alichambua hadi yakaisha, akaanza kuyachambua upya. Nilipofika kwenye ngazi akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Kwa mtu asiyejua kuomba radhi, kupanga mawe ni kazi rahisi."

Akaenda chumbani. Nilidhani mambo yameishia hapo. Akarudi amevaa koti, akasema, "Kijana amesimama mahali pasipo pake. Jabali lile hata zamani halikuwa na njia. Njia inakwenda mkono wa kushoto ukishuka, chini ya kilele kidogo. Kuna ukingo wa mwamba, upana wake kama kitanda, umefunikwa vichaka vya maua meupe. Unaufuata bila kuangalia chini, mpaka uyasikie maporomoko ya maji. Hapo ndipo unaanza kushuka, ndani ya mianzi." Alisema yote haya akiwa amefumba macho, na mkono wake ulikuwa nyuma, kiunoni, kama anayeshikilia mtoto asidondoke.

Sijui ugomvi wao ulikuwa nini. Nilimuuliza. Alisema alikuja huku kwao kupumzika baada ya kunizaa, wakiwa wamenuniana kwa maneno madogo, na kila mmoja akamngoja mwenzake aje. Halafu mlima ukabomoka, na kila mmoja akapata sababu.

Jana tumekwenda na mlinzi mmoja wa msitu. Ukingo upo. Vichaka vimeukaba, lakini upo. Tutaufyeka.

Sasa sikiliza, hii ni kazi. Wifi akiumwa kichwa kisichosikia dawa, akiona nyota au giza machoni, akisikia maumivu chini ya mbavu, au uso ukivimba, usisubiri kitu. Siku hiyo hiyo. Akianza kupata degedege mmechelewa. Muuguzi wenu ana sindano ya kuzuia, nimemwandikia kipimo. Achomwe kabla ya kuondoka, kisha mumlaze kwa ubavu wa kushoto, njia nzima.

Washeni moto wa moshi pengoni. Nitakuwa naangalia. Kukiwa na ukungu, nitakuja bila kuuona.

Dada yako

*

19 Machi

Mdogo wangu,

Naandika kwa haraka, dereva anapiga honi. Mto umeanza kupanda, na anasema hii ndiyo safari yake ya mwisho hadi mvua ziishe. Kwa hiyo usinijibu, hutaweza.

Nimemuuliza Baba kuhusu ngazi. Alikuwa akinoa patasi. Aliinoa mpaka nikahofia itaisha. Akasema, "Nilikuwa nikifika pale juu natafuta neno la kwenda kumwambia. Silipati. Basi najenga ngazi moja, narudi. Nikasema nikija kulipata, angalau njia itakuwepo." Nikamuuliza kwa nini hakushuka hata bila neno. Akasema, "Wewe ungeshuka?"

Miguu ya wifi yako sasa imevimba hata asubuhi. Uso na kichwa bado. Tumetengeneza machela kwa miti miwili na turubai alilolishona mwenyewe, mishono mitatu kila upande, akisema hajifii kwa uzembe wa fundi mwingine. Majirani wa kubeba wapo, na Baba amejiweka wa kwanza kwenye orodha, hakuna aliyemwomba.

Mwambie Mama nimeelewa: mkono wa kushoto, chini ya kilele kidogo.

Kaka yako

*

27 Machi
Hospitalini

Baba,

Barua hii wanakuletea majirani waliobeba machela. Nadhani ndiyo ya kwanza kuvuka mlima huu badala ya kuuzunguka.

Wako hai. Wote wawili. Nimeiweka hiyo juu ili usihangaike kuitafuta.

Ni msichana. Alitolewa kwa upasuaji jioni ile ile tuliyofika. Mdogo, lakini ana sauti ya dereva wa lori. Mama yake alipata degedege mara moja, tukiwa tayari mlangoni mwa wodi. Daktari amesema lingempata huko juu, au ndani ya lori, habari ingekuwa nyingine. Siku mbili alikuwa hajitambui vizuri. Leo ameomba sindano na uzi, kwa sababu shuka la hospitali limefumuka pindo na linamuudhi.

Nikueleze kilichotokea baada ya kuachana. Ulipoukabidhi mpini wa machela pale pengoni ukasema magoti yamekataa, nilijua si magoti. Umebeba mbele toka chini, na hakuna aliyekusikia ukihema. Lakini haikuwa saa ya kubishana. Tukaingia kwenye ukungu, mkono wa kushoto. Ukingo ulikuwa umefyekwa, vichaka vimelazwa chini tusiteleze. Sikuona mbele zaidi ya mgongo wa mwenzangu. Nilikuwa nikisikia maji mahali fulani, na mke wangu akihesabu pumzi.

Halafu kwenye ukungu nikasikia mwanamke anakohoa. Dada alikuwa pale na mlinzi wa msitu na mkoba wa dawa; tangu apate barua yangu ya mwisho alikuwa akipanda kila alfajiri bila kungoja moshi. Alimpita kila mtu, hata mimi, akaenda moja kwa moja kwa mgonjwa, akamshika mkono, akafunua jicho lake. Tulisalimiana baadaye sana, kwenye korido, yeye akiwa na damu kwenye aproni, na wote wawili tukaanza kucheka kwa sababu ya zile nyusi.

Nyuma yake, ameketi kwenye jiwe na koti limelowa, alikuwa Mama. Dada alimkataza kuja. Alikuja hata hivyo, polepole, tangu usiku haujaisha. Nilikuwa na mti wa machela begani, sikuweza kumkumbatia. Aliniangalia, akautazama mstari wote wa watu, mmoja mmoja hadi wa mwisho. Akaniuliza, "Mbele alishika nani?"

Nikamwambia ni wewe, mpaka pengoni.

Alisimama, Baba, akaangalia juu kule tulikotoka. Alikaa hivyo mpaka machela ikatuvuta tukaendelea. Kama ukungu usingekuwepo mngeonana.

Tutakaa huku hadi mke wangu apate nguvu. Uangalie ile nyumba niliyoiacha, plasta ya ukuta wa nyuma isikauke na nyufa.

Mwanao

*

2 Aprili

Mwanangu,

Barua imefika. Nimesoma.

Plasta ni nzuri. Nimeimwagia maji.

Majirani wanasema mtoto ana nyusi. Ni kweli?

Magoti ni mazima. Ulisema vizuri kwamba haikuwa saa ya kubishana.

Mama yako alikuwa amevaa koti la kutosha? Kule juu pana baridi.

Baba

*

9 Aprili

Kwa baba wa watoto wangu,

Mwanao amenisomea barua yako. Ni ndefu kuliko maneno yote uliyonipa mwaka ule wa mwisho, kwa hiyo nimeona nijibu mwenyewe.

Koti lilinitosha. Lilikuwa limelowa, lakini lilinitosha.

Mtoto ana nyusi. Amezipata zote, masikini, pamoja na ubishi. Ukimwekea kidole mkononi anakishika kwa mkono wa kushoto. Daktari anasema wachanga hawana kushoto wala kulia. Nimemwacha aseme.

Sitaki tuanze kuulizana nani alikosea. Mimi niliondoka kwa hasira nikiwa nimebeba mtoto mmoja na kumwacha mwingine, nikidhani ni kwa wiki moja, na hilo hakuna mtu wa kunisamehe isipokuwa yule niliyemwacha. Ameshanisamehe, tena kabla sijamaliza sentensi. Amelelewa vizuri. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Nimesikia habari za ngazi. Sikuamini, nikadhani ni kijana anampaka baba yake mafuta. Wiki iliyopita majirani walioleta barua yako walipokuwa wanarudi, niliwafuata hadi pengoni. Binti yako alinigombeza kama mgonjwa wake. Nilizitazama kutoka juu, zinavyoshuka hadi kwenye miiba. Nilikaa kwenye ngazi ya kwanza, halafu nikahamia ya pili. Upande wenu ulikuwa wazi, jua kali, na nikaona paa la nyumba niliyoolewa. Nilikuwa nimesahau kwamba kutoka kule kilele ni chembamba hivyo.

Nakwambia ukweli wako. Hukuhitaji kutafuta neno. Ungekuja bila neno ningekasirika, ningekupa chakula, ningekasirika tena.

Sasa hapa pana shida. Mkweo anahitaji mwezi mwingine wa kupumzika. Wanawake wa upande wenu wameshasikia kwamba njia ipo, na jana amefika mmoja, mimba kubwa, ametembea na mumewe tu. Ukingo unateleza. Karibu na maporomoko pana hatua tano au sita ambapo mtu anashika majani. Binti yako halali, anaogopa atakayefuata atadondoka. Walinzi wa msitu wanajua kufyeka, hawajui jiwe. Mwanao anajua jiwe, lakini ana mke kitandani na mtoto kifuani.

Kazi ni kubwa na mvua haijaisha. Nakwambia tu kwamba ipo.

Mama wa watoto wako

*

16 Aprili

Mama wa watoto,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Jirani amenisaidia pale mwandiko ulipojikunja.

Nakuja Jumamosi. Jiwe la huko ni laini kuliko la kwetu, nililiona siku ile. Halifai kupangwa peke yake. Litahitaji kuchongwa kwanza, na mfereji wa maji nyuma ya kila ngazi, la sivyo mvua moja inazibeba. Itachukua muda. Nitahitaji mahali pa kulala, hata stoo.

Nitashuka kwenye ukingo kwa uangalifu. Msiniletee watu wa kunipokea msituni, nitafuata maji.

Nyumba yako sijawahi kuiona. Usimtume mtu anielekeze. Simama nje tu. Nitakujua.

Mimi,
Mwashi mzee